Karatasi juu ya friji: kisa cha dagaa katika jiko la ofisi Kigoma

Jumanne ya tarehe 14 Novemba 2023, mhudumu wetu alifungua jiko la ofisi saa 1:30 asubuhi ili achemshe maji ya chai, akakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa friji. Ilichapwa kwa herufi kubwa: "MARUFUKU KUPASHA SAMAKI NA DAGAA HUMU NDANI. HARUFU INAKERA. TUHESHIMIANE." Haikuwa na jina wala sahihi. Hadi chai inatoka saa 4, wafanyakazi wote 16 walikuwa wameshaisoma, na wengine wameipiga picha. Saa 7 mchana mama mtunza stoo alichukua hotpoti yake, akapita mbele ya jiko bila kugeuza shingo, akaenda kula stoo peke yake, mlango ameurudishia. Mama huyu amefanya kazi pale muda mrefu kuliko mtu yeyote mwingine, na sikumbuki siku aliyofungua chakula chake bila kusema "karibuni".

Mimi ni afisa utumishi wa ofisi hiyo, hapa Kigoma mjini. Ofisi siitaji, na majina ya watu siyataji. Waliohusika wamesomewa andiko hili, na yule ambaye siri yake imo ndani yake ndiye aliyenihimiza niliandike. Nalieleza kwa urefu kwa sababu kwa siku 9 za mwanzo nililishughulikia vibaya, na ubaya huo uliumiza mtu asiyehusika.

Kwa msomaji asiyeijua Kigoma, nianze na chakula chenyewe. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi pale anga linapokuwa na giza. Mwezi ukikaribia kupevuka mitumbwi hupumzika, wavuvi hushona nyavu, na bei sokoni hupanda. Kwa hiyo hata mezani kwetu dagaa huja kwa majira ya mwezi: wiki za giza utawaona wabichi, wamekaangwa au wamepikwa kwa mawese, mbalamwezi ikishika tunarudi kwenye wakavu. Wale wakavu ndio wanaosafirishwa nchi nzima, na mtu wa Dar es Salaam akienda sokoni hutaja kabisa kwamba anataka wa Kigoma. Migebuka nayo ipo, mikubwa kidogo, yenye mfupa wa kutupa baada ya kula. Ugali wa muhogo uliovundikwa una harufu yake pia, na mawese mekundu yakipata moto hujitangaza kabla sufuria haijafunuliwa. Chakula hiki ndicho kilichomlea karibu kila mtu pale ofisini. Karatasi iligusa kitu hicho, hata kama mwandishi wake hakukusudia.

Tarehe 14 Novemba ilikuwa siku ya pili tu tangu mwezi mpya. Giza lilikuwa limeshika, kwenye mwalo wa Kibirizi mitumbwi ilikuwa inarudi alfajiri imejaa, na hotpoti tatu hadi nne za dagaa zilikuwa zinaingia jikoni kwetu kila siku. Hilo nililiona baadaye nilipokaa na kalenda.

Aliyeshukiwa

Kabla jua halijazama, ofisi ilikuwa imeshapata mkosaji. Wiki sita nyuma tulimpokea kijana kutoka Dar es Salaam, amekuja kusimamia kompyuta na mtandao. Ushahidi dhidi yake ulikuwa huu: wiki yake ya kwanza mama wa stoo alimkaribisha dagaa wa mawese, akasema ameshiba, na ilikuwa wazi kwamba hajala. Siku nyingine alionekana akitoka jikoni haraka wakati dereva anapasha migebuka. Na yeye ndiye aliyekuwa na printa mezani kwake. Ukiunganisha na kwamba "amekuja juzi", kesi ilikuwa imekwisha.

Hakuna aliyemwambia neno. Watu walimfanyia kile tunachokijua vizuri sana: salamu zilifupishwa. Asubuhi Kigoma haina haraka, utaulizwa umeamkaje, nyumbani vipi, wazee hawajambo, na jibu husubiriwa. Yeye akawa anapewa "salama?" ya mlangoni, mtu anapita. Kwenye kundi letu la WhatsApp mtu mmoja akatuma picha ya sahani ya dagaa bila maneno, wengine wakaweka vicheko. Akiingia jikoni, mazungumzo yanabadilika.

Kosa langu la kwanza, na kubwa kuliko mengine, ni kwamba nilimshuku na mimi. Jumatano, kesho yake, nilimwita ofisini nikamwambia kwa sauti ya upole ambayo leo inanitia aibu: "Mdogo wangu, hapa Kigoma dagaa ni kama ninyi na chipsi huko kwenu. Ukiwa na shida njoo useme, usiandike karatasi." Alinitazama muda, akasema, "Sawa dada," akaondoka. Nilidhani amekiri. Kumbe alikuwa ameona kwamba hata afisa utumishi ameshaamua, akaona hakuna faida ya kujitetea.

Sikuiondoa karatasi. Nilijiambia kwamba nikiitoa nitaonekana nimeegemea upande, nikaacha kila mtu anayechukua maji ya kunywa aisome upya. Ikakaa pale hadi siku ya tisa.

Karatasi yenyewe

Inafaa kuisoma taratibu, maana shida nyingi zilikuwa ndani ya maneno yake 10.

"Marufuku" ni neno la mwenye mamlaka. Mfanyakazi hawezi kumpigia marufuku mfanyakazi mwenzake. Anaweza kumwomba, kumlalamikia, au kupeleka jambo kwa mkuu wake. Karatasi isiyo na jina inayosema marufuku hujivika cheo, na anayeisoma hujiuliza kama uongozi ndio umeiweka. Watu wawili waliniuliza hivyo hasa, na kwa kuwa niliiacha, niliijibu kwa vitendo kwamba ndiyo.

"Samaki na dagaa" ilitaja chakula, na ukitaja chakula katika ofisi ya watu 16 umewataja wenye chakula. Wote tuliwajua: mama wa stoo, dereva, dada wa mapokezi. Maharage yaliyolala, kabichi lililochemshwa, na kitunguu swaumu kinachopashwa kila Ijumaa havikutajwa.

Kisha "harufu inakera". Kiswahili chetu kina utajiri kuhusu pua. Kunuka na kunukia vinatofautiana kwa irabu moja tu, na irabu hiyo ndiyo iliyokuwa inagombaniwa jikoni. Kwa mama wa stoo, dagaa waliooshwa mara nne, wakakamuliwa ndimu, wakatiwa nyanya na mawese, wananukia. Kinachonuka ni shombo, ile ya samaki asiyeoshwa, na mwanamke aliyelelewa Ujiji kuambiwa chakula chake kina shombo ni kuambiwa hajui kupika wala kuosha vyombo. Karatasi haikutumia neno shombo. Lakini yeye ndilo alilolisoma. Aliniambia baadaye: "Mwanangu, ningeambiwa natoa harufu mimi mwenyewe isingeniuma hivyo."

Na "tuheshimiane" mwishoni ilifunga mlango wote. Neno hilo humwambia msomaji kwamba ameshakosa adabu, kabla hajapewa nafasi ya kusema alikuwa hajui.

Na kwa kweli alikuwa hajui. Pua huzoea. Mtu akikaa na harufu dakika chache tu, hisia yake hupungua mpaka anaiona hewa ni ya kawaida, wakati anayeingia kutoka nje inampiga usoni. Mpishi aliyeamka saa 10 alfajiri kukaanga dagaa anafika kazini pua yake imeshazoea zamani. Akikwambia hasikii kitu, amini, hasemi uongo. Malalamiko mengi ya harufu huharibika hapa: mmoja anadhani mwenzake anajifanya, mwingine anadhani anasingiziwa.

Siku ya tisa

Alhamisi tarehe 23, baada ya kazi, msaidizi wa mhasibu alibaki nyuma. Ni binti wa hapahapa, amezaliwa Mwanga, amekula dagaa tangu alipoota meno. Alifunga mlango akasema, "Dada, ile karatasi niliandika mimi," halafu akaanza kulia.

Alikuwa mjamzito, wiki kama tisa hivi. Mimba iliyotangulia ilitoka kabla ya kutimiza miezi mitatu, wakati ameshaitangaza, na safari hii yeye na mumewe walikubaliana hakuna atakayejua mpaka ipite hatari. Meza yake imepakana na ukuta wa jiko. Dagaa wakipashwa saa 7, alikuwa anakimbilia chooni kutapika, anafungulia maji ya bomba ili asisikike. Wiki ile ya giza la mwezi ilikuwa kila siku. Hakuweza kusema harufu inamsumbua kwa sababu kwa wanawake wenzake sentensi hiyo ina maana moja tu: binti wa Kigoma aliyechukia dagaa ghafla, hata mtoto mdogo angeelewa. Kwa hiyo akaenda kuchapa karatasi duka la nje, akaiandika kwa ukali ili ifanane na mtu wa mbali.

Kilichomleta kwangu hakikuwa mimi wala busara yangu. Mchana ule alimwona yule kijana anakula mkate na soda kwenye ngazi za nje, peke yake, juani.

Hapa naomba msomaji anayesimamia watu asimame kidogo. Kwa sheria, binti yule hakuwa na wajibu wowote wa kutuambia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mfanyakazi atoe taarifa ya likizo ya uzazi angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua. Yeye alikuwa na miezi saba mbele yake. Siri yake ilikuwa halali. Na shida yake ilikuwa halali kuliko ya mtu yeyote jikoni mle. Alichokosea ni njia, na njia aliyoikosea ilikuwa ndiyo pekee aliyoiona, kwa kuwa hatukuwa tumeweka mahali pa kusema "hewa ya huku inanisumbua" bila kuulizwa kwa nini.

Nilichokikuta asubuhi iliyofuata

Ijumaa nilifika saa 1 kamili, kabla ya mhudumu, nikafungua jiko. Lilikuwa linanuka. Hakuna aliyekuwa amepasha chochote tangu jana yake, na mama wa stoo alikuwa hajaligusa jiko lile kwa siku 10.

Chini ya sinki kulikuwa na ndoo ya taka yenye mfuniko. Ndani yake mifupa ya migebuka, maganda ya ndizi, majani ya chai, vyote vimelowana pamoja tangu Jumatatu. Mhudumu alikuwa na utaratibu wa kumwaga Jumatatu na Ijumaa, utaratibu aliopewa na sisi enzi ambazo ndoo ilikuwa ya karatasi tu. Dodoki la kuoshea vyombo lilikuwa jeusi. Sahani ya kioo ndani ya maikrowevu ilikuwa na mafuta mekundu yaliyokaukia, na paa lake la ndani vilevile; kila mtu aliyepasha hata wali mweupe alikuwa anayapasha upya mawese ya wiki iliyopita. Sehemu kubwa ya kile tulichokiita harufu ya dagaa ilikuwa harufu ya uchafu wetu sote.

Kisha nikatazama ukuta. Dirisha la jiko lilikuwa limezibwa na kabati la mafaili.

Zamani, kabla ya maikrowevu, chakula kilipashwa nyuma ya jengo, chini ya mwembe, kwenye jiko la mkaa, na madirisha ya ofisi yalikuwa wazi siku nzima. Upepo wa ziwa ukiingia mchana unapuliza karatasi mpaka unaziwekea mawe. Kisha tukafunga viyoyozi. Madirisha yakapigwa misumari ili baridi isitoke, chumba cha kuhifadhia karatasi kikawa jiko, maikrowevu ikawekwa ndani. Viyoyozi vya ukutani vya aina yetu havileti hewa ya nje. Vinachukua hewa ileile ya chumbani, vinaipoza, vinairudisha. Maikrowevu nayo hupasha maji yaliyomo kwenye chakula, yanakuwa mvuke, na mvuke unabeba harufu ya mafuta. Ukiwa na mashine moja inayotoa mvuke wa dagaa na nyingine inayouzungusha katika vyumba vyote mpaka saa 11 jioni, huhitaji mtu mwenye roho mbaya ili ugomvi uanze. Dagaa walewale walikuwa wamepashwa kule nje miaka na miaka bila karatasi kuandikwa.

Majira ya mvua yanachangia pia. Kuanzia Novemba mvua huanza kukatiza jua, na dagaa wanaoanikwa huchelewa kukauka. Samaki huyu ana mafuta, na mafuta hayo yakikaa na hewa katika unyevu huchacha. Ndiyo maana dagaa wa Novemba wana harufu nzito kuliko wa Julai, hata mpishi awe yuleyule. Ndimu inasaidia, na inasaidia kwa sababu inayoeleweka: asidi yake hushika baadhi ya vitu vinavyotoa harufu ya samaki visiruke hewani. Mama wa stoo hajasoma kemia. Amekuwa akikamua ndimu miaka yote hiyo.

Nikamwita yule kijana nikamwomba msamaha, kwa maneno kamili, bila kuzungukazunguka. Nilimwambia nimejua karatasi si yake na kwamba nilimhukumu kwa sababu ya alikotoka. Ndipo akaniambia yake. "Dada, mimi nimekulia Kigamboni. Samaki ndiyo chakula chetu, tunavuka kwenda soko la Feri kuwanunua." Alipokataa mawese alikuwa kwenye dawa za vidonda vya tumbo na mafuta yalikuwa yanamchoma. Alipotoka jikoni haraka, simu ya mama yake ilikuwa inaita. Alikiri jambo moja: harufu ya dagaa wakavu ilikuwa ngeni kwake kidogo. Hilo nalo lina msingi wake, samaki wa baharini ana kitu mwilini kinachogeuka kuwa ile harufu kali ya feri, na samaki wa maji baridi anacho kidogo sana. Dagaa wetu harufu yao hutoka zaidi kwenye mafuta. Pua iliyozoea moja haijazoea nyingine. Lakini ugeni si chuki, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kikao cha Jumatatu

Nilikuwa na tatizo la kweli hapa. Nikisema tu "karatasi si ya kijana wetu", wanabaki 15, kisha wanaotumia vyumba vya upande ule, kisha mmoja. Nikinyamaza, asiye na kosa anaendelea kulipa. Nilirudi kwa msaidizi wa mhasibu nikamwambia wazi kwamba lazima nimsafishe kijana, na nikamuuliza niseme nini ambacho yeye atakiweza. Alifikiri siku mbili. Akasema: waambie ni mtu mwenye sababu ya kiafya, usiseme mwanamke, usiseme upande gani.

Tarehe 27 Novemba nilisimama mbele ya wote nikiwa na karatasi mkononi. Nilisema nimemjua aliyeiandika, amekuja mwenyewe, ana sababu ya kiafya ambayo ni yake, na sitamtaja leo wala kesho. Nikasema si mtu mliyemdhania, wala mimi niliyemdhania pamoja nanyi. Nikamgeukia kijana nikamwomba radhi mara ya pili, hadharani, kwa kuwa aibu aliyopewa ilikuwa ya hadharani. Dereva, ambaye ndiye aliyetuma picha ya sahani, alisimama akasema naye anaomba msamaha. Wengine wawili walitazama chini. Sikuwalazimisha.

Nikawakumbusha pia Ramadhani ya mwaka ule, Machi na Aprili. Karibu nusu yetu hufunga. Hakuna aliyetoa agizo, lakini kila asiyefunga alikuwa anachukua chakula chake na kwenda kulia chini ya mwembe, na dada wa mapokezi, ambaye ni Mkristo, ndiye aliyeanza. Adabu tulikuwa nayo. Tuliikosa pale ambapo hatukumwona anayeumia.

Ufumbuzi ulichukua nusu saa, muda mfupi kuliko hotuba zote. Maikrowevu ikahamia kibaraza cha nyuma, kwenye meza ya mbao, chini ya bati. Kabati la mafaili likaondolewa dirishani na misumari ikang'olewa. Ndoo ya taka inamwagwa kila siku saa 9:30, na mifupa inafungwa kwenye mfuko kwanza. Anayepasha anafunika chombo na kufuta ndani kabla ya kuondoka. Ikibaki harufu, bakuli la maji na vipande vya ndimu dakika tatu, kisha kitambaa. Mhudumu alishauri jambo ambalo lilituzidi sote: hotpoti nzuri iliyofungwa asubuhi hukaa na moto hadi saa 7, sasa kwa nini mnapasha? Robo tatu ya upashaji ikafa palepale. Sheria ileile ya 2004 inatoa mapumziko ya saa moja kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, kwa hiyo tukakubaliana kula nje, kwa utulivu, badala ya kurudi na sahani mezani mbele ya kompyuta.

Chakula hakikutajwa hata kimoja. Mhasibu mkuu alitaka tuandike orodha ya vyakula "vyenye changamoto", nikakataa, na bado hatujakubaliana. Hoja yake ni kwamba wageni watakaokuja hawatajua. Mimi naona orodha hiyo ingeanza na dagaa na kuishia na dagaa, na tungerudi kwenye friji. Nilishauri pia meza ya msaidizi wake ihamishwe kutoka ukuta ule, nikitaja mwanga wa dirisha. Alikubali bila swali.

Wapo walioniuliza kama ofisi ingeweza kupiga marufuku samaki kabisa. Mwajiri ana haki ya kuweka utaratibu wa jiko. Lakini sheria inakataza ubaguzi kwa misingi ikiwemo kabila na mahali mtu anakotoka, na inahesabu unyanyasaji kuwa aina ya ubaguzi. Nilipoisoma tena usiku ule nikitafuta silaha ya kuwatetea walaji wa dagaa, niliona kwamba aliyekuwa karibu zaidi na ulinzi wake ni yule kijana. Sisi wenyeji ndio tuliomtenga mtu kwa alikotoka.

Baada ya hapo

Mama wa stoo aliendelea kula stoo wiki nzima. Kisha siku moja alikuja ofisini kwangu, nikamwamkia shikamoo, akaketi. "Marahaba. Yule binti wa uhasibu," akasema, "ana muda gani?" Nikanyamaza. Akacheka kidogo, akasema, "Basi, usiniambie." Kesho yake kulikuwa na malimau manne kwenye meza ya binti yule, hayana karatasi. Mpaka Januari mama alileta maharage. Hakuna aliyemwomba, na mimi nilimwambia hana haja ya kufanya hivyo, maikrowevu iko nje. Akasema anajua iko wapi.

Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane, na dagaa wakaadimika mjini kuliko nilivyowahi kuona. Binti alijifungua salama mwezi Juni. Likizo yake ya siku 84 ilipokwisha alirudi kazini Septemba, na sheria inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mwanawe. Tulihitaji chumba. Kilichokuwa tupu ni lile jiko la zamani, limeshapigwa rangi, lina kiti na kitanda kidogo.

Siku ya kwanza mama mzazi wa binti alimleta mtoto saa 7. Nyuma, kwenye kibaraza, mama wa stoo alikuwa anafungua dagaa wabichi wa Kibirizi, wa kwanza kuwaona mezani kwetu tangu Mei, na harufu yake inaingia ndani moja kwa moja. Niliwahi mlangoni nikamuuliza binti kama nimfungie dirisha. Akasema niliache wazi, na nikamwombee kibakuli.